Binti yangu wa miaka 16 aambiwa apunguzwe tumbo, baba yake hataki

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Houston, Marekani. Saa hizi ni alfajiri, nimerudi kazini na usingizi umegoma. Kwetu ni Tanga. Tulihamia huku 2014, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, akitoka ni siku 5 au 6.

Jambo langu linamhusu binti yangu wa kwanza. Ana miaka 16, urefu sentimita 164, uzito kilo 128. Si unene wa juzi. Tangu darasa la pili alikuwa mkubwa kuliko wenzake, nasi tukafurahi, tukasema mtoto ana afya. Alipofika miaka 12 nikaanza kuogopa. Nimemkatia wali, nimemkatia chapati, nimeficha sukari. Nikamwandikisha kuogelea, akaenda mara mbili akakataa kurudi, maana wenzake walimcheka. Mwaka juzi dada mmoja wa kwenye WhatsApp aliniuzia chai ya kukata tumbo. Ilimharisha wiki nzima, akapungua kilo 4, zikarudi 6.

Mwaka jana mwalimu alinipigia simu kwamba anasinzia darasani. Nikadhani ni mambo ya kukesha na simu. Kumpeleka hospitali wakamlaza usiku mmoja kumpima usingizi, kumbe akilala pumzi inakatika. Sasa analala na mashine yenye barakoa. Wakampima na damu: kisukari, aina ya 2. Alianza na metformini, na tangu Januari ameongezewa insulini ya usiku. Miaka 16, Shangazi! Baba mkwe wangu alikatwa mguu kwa sukari kabla hajafariki, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kile kidonda. Nikimwona binti yangu anajichoma sindano, naona ule mguu.

Mwezi uliopita daktari alituita, akasema timu yao inaona afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo. Kiingereza changu ni cha kazini, maneno mengi ya daktari yalinipita. Binti yangu ndiye aliyenitafsiria. Akaniambia, "Mama, wanasema ni operesheni ndogo tu, wanapunguza tumbo, halafu nitakuwa sawa." Lakini nilimwona daktari anaongea muda mrefu, na mimi naambiwa maneno mawili matatu.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema mtoto hakatwi tumbo kwa uvivu, afunge Jumatatu na Alhamisi aache kula hovyo. Anauliza nani atamwoa, na kama atazaa. Anasema ni kubadilisha maumbile aliyoumba Mungu. Dereva mwenzake naye anamwambia kama ni lazima, Mexico wanafanya kwa bei nafuu, unakwenda Ijumaa, Jumatatu umerudi. Wifi yangu wa Dar anasema tumpeleke nyumbani kuna puto la kuwekwa tumboni katika hospitali ya Mloganzila, na akikaa Tanga akala mihogo na samaki atapungua mwenyewe. Mama mkwe akipiga simu ya video ni yale yale: "Mashallah, mjukuu wangu amenawiri." Mtoto anazima kamera.

Juzi usiku nilimkuta jikoni, gizani, anakula mkate huku analia. Nikamfokea. Akaniambia, "Mama, unadhani mimi napenda?"

Shangazi, nisaini ile karatasi? Au nisubiri afike miaka 20 aamue mwenyewe? Na Ramadhani itakuwaje? Na mama mkwe nimwambie nini?

Mama Binti, Houston

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa hizo alfajiri zisizo na usingizi, na mpe pole binti yako.

Barua yako ina mambo mengi, lakini mimi nimekwama pale ulipopita haraka: binti yako ndiye aliyekuwa mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe. Nilifanya kazi ya uuguzi kabla ya kukaa kwenye safu hii, na jambo hili nimeliona mara nyingi. Mtoto akiwekwa katikati ya daktari na mzazi aliyechoka, hupunguza makali. Huo si uongo, ni huruma. "Operesheni ndogo tu" huenda ni maneno ya mtoto asiyetaka mama yake aogope. Huenda pia ni maneno ya mtoto anayelitaka sana jambo hili na anahofia ukisikia yote utakataa. Ni lipi kati ya hayo, hutajua mpaka umsikie daktari kwa masikio yako.

Kwa hiyo usisaini wiki hii. Piga simu hospitali, omba miadi mingine, na useme unataka mkalimani wa Kiswahili. Huko Marekani hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kukupa mkalimani bila malipo, hata kama ni kwa simu au kwa video, na hazitakiwi kumtegemea mtoto kutafsiri isipokuwa kwenye dharura. Hiyo ni haki yako, usione unawasumbua. Panga siku ambayo baba yake yuko nyumbani, au kama yuko njiani aegeshe lori na awe kwenye simu. Msikie wote wawili, kwa lugha mnayoiotea ndoto, na binti akae kama mgonjwa, si kama karani wenu.

Ili usiingie mikono mitupu, nikueleze kinachozungumzwa.

Upasuaji huu si mdogo, ingawa hufanywa kwa matundu madogo tumboni na si kwa kupasua mkato mrefu. Unaofanywa zaidi siku hizi, hata kwa vijana, ni ule wa kukata na kuondoa kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, kwa hiyo si kwamba mtu anashiba haraka tu, hata ile njaa inayomkera inapungua. Aina ya pili ni ya kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Muulize daktari ni ipi anayokusudia kwa binti yako na kwa nini, maana madhara yake ya baadaye hayafanani.

Baba yake anasema uvivu. Sitamlaumu, wengi wetu tulilelewa hivyo, kwamba mnene ni mlafi na tiba yake ni aibu. Lakini mwili wa mtu mwenye unene wa kiwango hiki haukubali kupungua kirahisi. Ukipunguza chakula, mwili hujiona uko kwenye njaa ya ukame: unaongeza homoni za njaa, unabana matumizi ya nguvu, unapigana kurudisha kila kilo. Zile kilo 4 zilizoondoka na 6 zikarudi, hakuna aliyefanya uzembe hapo. Na ile chai usiinunue tena. Dawa ya kuharisha inatoa maji na chumvi za mwili, haitoi mafuta, na kwa mtoto anayetumia insulini ni hatari ya wazi. Binti yako alipokuuliza "unadhani mimi napenda?" alikuwa anakuambia kweli tupu kuliko sisi wote tuliomshauri.

Tena kufunga Jumatatu na Alhamisi huku yuko kwenye insulini kunaweza kumshusha sukari mpaka akazimia. Asifanye hivyo bila daktari wake kujua na kumpangia dozi upya. Hili mwambie baba yake leo, lisisubiri miadi.

Sasa swali lako kubwa, la kusubiri afike miaka 20. Kwa mtoto mnene asiye na maradhi mengine ningekuelewa. Kwa huyu mwenye kisukari, hapana, na nitakuambia kwa nini.

Kisukari aina ya 2 kinachoanza utotoni kina ukali kuliko kile tunachokijua cha watu wazima. Marekani walifanya utafiti uitwao TODAY, wakawafuatilia vijana waliokipata wakiwa wadogo. Karibu nusu yao metformini peke yake ilishindwa kudhibiti sukari. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba walipofika wastani wa miaka 26, 6 kati ya 10 walikuwa tayari wameanza kupata angalau dhara moja la figo, macho au neva. Miaka 26, mwanangu! Baba mkwe wako aliukuta ugonjwa akiwa mtu mzima, ameshajenga na kuoza watoto. Binti yako anaanza nao kabla hajamaliza shule.

Upande wa pili kuna utafiti wa Teen-LABS. Kati ya 2007 na 2012 vijana 242 wa miaka 19 kushuka chini walifanyiwa upasuaji huu katika vituo 5, kimojawapo kiko hapo hapo Houston, na wakafuatiliwa. Baada ya miaka 3 walikuwa wamepungua kwa wastani asilimia 27 ya uzito wao, na kati ya waliokuwa na kisukari aina ya 2, asilimia 95 hawakuwa nacho tena kwenye vipimo. Mwaka 2019 wakalinganisha vijana na watu wazima waliofanyiwa aina ya pili, ile ya njia ya mkato. Baada ya miaka 5 kisukari kilikuwa kimetulia kwa asilimia 86 ya vijana, na kwa asilimia 53 tu ya watu wazima. Presha nayo iliondoka zaidi kwa vijana. Maana yake ni kwamba kuchelewa kuna gharama. Kadiri kisukari kinavyokaa na kudai insulini zaidi, ndivyo kinavyokuwa kigumu kung'oka. Ndiyo sababu chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa Januari 2023, kilisema vijana wa kuanzia miaka 13 wenye unene mkali wapelekwe kutathminiwa kwa upasuaji. Daktari wenu hajakurupuka.

Lakini sikufichi upande wenye miiba, maana huo ndio nahofia binti yako aliufupisha.

Hatakuwa mwembamba. Kilo 128 ukitoa asilimia 27 unabaki na kama kilo 93. Kwa urefu wake bado ataitwa mnene na kila kipimo. Na matokeo ya miaka 10 yaliyotoka 2024 yanaonyesha sehemu ya uzito hurudi: wastani wa upungufu ulikuwa kama asilimia 20, na kati ya waliokuwa na kisukari aina ya 2, waliobaki bila nacho ni asilimia 55. Mimi naona hiyo ni neema kubwa kwa mtu aliyekuwa anaelekea kwenye figo na macho. Lakini kwa msichana anayedhani ataamka akiwa kama wale wa kwenye simu yake, itakuwa pigo. "Nitakuwa sawa" alimaanisha nini? Muulize. Ngozi italegea mikononi na tumboni. Nywele hupukutika miezi ya mwanzo, kisha kwa wengi huota tena. Mambo hayo yanamuumiza msichana kuliko kidonda, afadhali ayajue mapema.

Ndani ya siku 30 za mwanzo hakuna kijana aliyefariki katika wale 242, lakini asilimia 8 walipata matatizo makubwa. Ndani ya miaka 3 asilimia 13 walirudi tena chumba cha upasuaji kwa mambo ya tumbo, na zaidi ya nusu, asilimia 57, akiba yao ya madini ya chuma ilikuwa chini.

Hilo la madini nataka nikae nalo, kwa sababu hapo ndipo upasuaji mzuri huharibikia nyumbani. Tumbo likishapunguzwa, vidonge vya vitamini si hiari tena. Ni kila siku, maisha yote: vitamini za mchanganyiko, chuma, kalsiamu na vitamini D kwa ajili ya mifupa ambayo kwake bado inajijenga, B12 kwa ajili ya damu na neva. Na vipimo vya damu kila vinapopangwa, hata akijisikia mzima kabisa. Msichana anayetokwa damu kila mwezi ndiye wa kwanza kuishiwa chuma. Akitapika mfululizo siku mbili tatu, au miguu ikifa ganzi, au kuona kukaanza kuyumba, usimpe tangawizi ukangoja. Mkimbize hospitali, useme alifanyiwa upasuaji wa tumbo, kwani upungufu wa vitamini B1 unaweza kuharibu neva na ubongo kwa muda mfupi. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni asizimeze bila kuuliza, zinaweza kumletea vidonda kwenye hilo tumbo dogo.

Nani atasimamia vidonge hivyo? Wewe unalala mchana, baba yuko barabarani. Vijana ndio wanaoongoza kwa kuviacha, na si kwa ubaya, ni kwamba kijana haamini kuwa kuna kesho ya kuumwa. Kabla hamjasaini kaeni mpange: kisanduku cha vidonge mezani, saa ile ile, mdogo wake ajue, baba apige simu kutoka barabarani kuuliza "umekunywa?" Mjaribu mwezi mzima sasa hivi, kabla ya upasuaji. Mkishindwa kumeza vitamini mwezi mmoja mkiwa na hofu ya kisu, mtashindwa miaka 10 ijayo hofu ikiisha, na hapo ni bora mwambie timu mapema iwasaidie.

Chakula nacho kitabadilika kwa nyumba nzima. Wiki za mwanzo ni vimiminika tu, kisha vilivyopondwa, kisha laini: supu iliyochujwa, mtindi, yai, samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba, dengu zilizolainika. Vya kujenga mwili huja kwanza kwenye sahani, wali na ugali baadaye na kidogo. Anatafuna sana, anakula taratibu, hanywi maji pamoja na chakula. Kaimati na chai ya sukari nyingi, hasa kwa ile aina ya pili, zinaweza kumpeleka mbio moyo na jasho likamtoka. Usimpikie peke yake kwenye kisufuria chake huku wengine mnakula pilau mbele yake. Hilo linavunja moyo.

Kuna njia isiyo ya kisu? Ipo, na uiulizie. Tangu Desemba 2022 Marekani imeidhinisha sindano ya semaglutaidi ya mara moja kwa wiki kwa watoto wenye unene kuanzia miaka 12. Katika utafiti wake vijana walipungua kwa wastani asilimia 16 ya BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, katika wiki 68, na wengine hutumia sindano na upasuaji kwa kusaidiana. Ila ukiiacha uzito kwa kawaida hurudi. Muulize daktari kwa nini kwa binti yako wameona upasuaji badala yake. BMI yake inakaribia 48, na ana kisukari na pumzi inayokatika. Nadhani jibu litakuwa hapo, lakini alitamke yeye.

Puto la wifi yako ni jambo jingine. Linawekwa tumboni na baada ya miezi kadhaa linatolewa, na kwa mtoto mwenye hali hii si tiba niliyoona ikipendekezwa. Na Tanga ni kwetu, sina neno na mihogo ya Tanga, lakini mtoto mwenye insulini na mashine ya kulalia hang'olewi kwa madaktari wake akatumwa kwa shangazi apungue. Atakwenda likizo, hali ikishatulia.

Mexico, hapana. Naomba unisikie hapa. Kazi ya daktari kwenye upasuaji huu ni saa chache. Kazi iliyobaki ni miaka. Ukirudi Jumatatu na mtoto mwenye mshono unaovuja, nani anajua alikatwa vipi? Mtu mzima akiamua kujitosa ni shauri lake. Mtoto anahitaji timu nzima: daktari wa upasuaji wa watoto, wa kisukari, mtu wa lishe na mwanasaikolojia, walio karibu na nyumbani kwake.

Kuhusu kuolewa na kuzaa, mtoe baba hofu. Unene huu wenyewe ndio unaovuruga hedhi na mayai ya wasichana wengi, na uzito ukipungua uzazi kwa kawaida huwa mwepesi zaidi. Kinachotakiwa ni asipate mimba mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, mwili ukiwa bado unapungua. Daktari atalizungumza hilo na binti yako, pengine faragha. Usikasirike, ni wajibu wake. Na mume atakayekuja atapata mke anayeona na kutembea.

Kuhusu maumbile ya Mungu, mimi si mwanachuoni. Mwende kwa shehe mnayemwamini, lakini mwende na barua ya daktari mkononi, isemayo kisukari na pumzi inayokatika. Swali lenu ni la tiba, si la urembo. Mkiuliza "mtoto apunguzwe tumbo apendeze?" mtapata jibu la swali hilo. Baba yake akumbuke pia kwamba insulini tunaikubali, na kile kisu kilichoukata mguu wa baba yake tulikikubali, tukakiita tiba.

Ramadhani: madaktari wengi hushauri asifunge mwaka wa kwanza, wengine hadi mwaka na nusu, kwa sababu tumbo dogo haliwezi kunywa maji ya siku nzima kati ya futari na daku. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, mnalijua hilo. Baadaye, sukari ikikaa vizuri, ataulizia upya. Mfundishe mapema asione anatengwa: apange futari, awaamshe daku, aende tarawehe.

Nimeacha la moyo mwisho, si kwa udogo wake. Katika ule ulinganisho wa vijana na watu wazima, vijana 161, watatu walifariki ndani ya miaka 5, na vifo viwili vilionekana vimetokana na kuzidisha dawa au dawa za kulevya. Kisu hakiondoi huzuni. Mtu aliyezoea kupoza uchungu kwa mkate, mkate ukiondoka uchungu unabaki unatafuta pa kwenda, na pombe baada ya upasuaji huu hupanda kichwani haraka kuliko zamani. Mtoto anayekula gizani huku analia anahitaji kuzungumza na mwanasaikolojia wa timu kuanzia sasa, na aendelee naye baada ya upasuaji. Mweleze daktari habari ya ule usiku, usione aibu. Haitamfanya anyimwe matibabu, itamfanya ayapate kwa usalama.

Na kabla ya hayo yote, mwombe radhi kwa kumfokea. Kisha muulize, mkiwa wawili, simu zimezimwa: unataka? Usimuulize daktari anasemaje wala baba anasemaje. Akisema hataki, au anataka kwa sababu amechoka kuchekwa tu, hakuna haraka ya wiki, msubirini na mtafute sababu. Akisema anataka alale bila mashine, aache sindano, na anajua vidonge ni vya maisha, basi amekua kuliko unavyodhani. Angekuwa binti yangu wa kumzaa, mkalimani akishamaliza na majibu yakawa hayo, ningesaini.

Mama mkwe asiambiwe na wewe, wala na wifi. Mwili ni wa binti, yeye aseme nani ajue. Akikubali bibi aambiwe, mume wako ndiye ampigie mama yake, na asianze na neno upasuaji wala unene, maana kwa bibi unene ni baraka. Aanze na sukari. Aseme, "Mama, mjukuu wako ana sukari ya baba." Bibi ameuona ule mguu, na wewe unajua alivyokuwa akikaa pale kitandani ukiosha kidonda. Kutoka hapo atauliza mwenyewe.